Unaposubiri majibu ya titi: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Mwanza

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mimi si daktari. Miaka michache iliyopita nilikatwa kinyama cha titi, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, nikasubiri majibu siku 23, na tangu hapo huwa nawasindikiza wenzangu kupanda kilima cha Hospitali ya Bugando au kwenda Hospitali ya Sekou Toure, nawashikia mkoba wakiwa ndani. Maswali ni yaleyale: kwenye benchi, kwenye daladala, kwenye simu saa saba usiku. Haya ya kitabibu niliyoandika ni yale madaktari wanayowaeleza wagonjwa kila siku. Kuhusu titi lako wewe, muulize aliyelipima.

## Uvimbe wenyewe

Nimeshika uvimbe kwenye titi. Ni kansa?

Huenda siyo. Sehemu kubwa ya uvimbe unaopatikana kwenye matiti si saratani. Kwa wasichana na wanawake vijana, mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe wa mviringo unaokimbia chini ya vidole kama gololi. Wengine wana vifuko vya maji, ambavyo huvimba na kuuma siku za hedhi zikikaribia. Anayenyonyesha anaweza kuwa na jipu au maziwa yaliyoziba.

Ila hakuna anayeujua kwa vidole tu. Hata daktari mzoefu akishakushika ataagiza kipimo. Na usijipe moyo kwa sababu hauumi: saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, na ndiyo maana watu huiacha mpaka inakomaa. Ukiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani wakati haikuwa hivyo, inatoa damu, au kuna tezi ngumu kwapani, nenda wiki hii. Usingoje mavuno wala ada ya watoto kuisha.

Kwetu hakuna aliyewahi kuugua kansa. Si ina maana niko salama?

Hapana. Wanawake wengi wanaougua hawana ndugu aliyewahi kuugua. Zinazotokana na kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Na ukiwa na shangazi aliyeugua, haimaanishi zamu yako imefika. Mwambie daktari habari hiyo, kisha iache kwake.

Mbona majibu ya kinyama hayatoki siku hiyohiyo kama ya malaria?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, maana mtu akikaa bila kuelezwa anaanza kujijibu mwenyewe: "Wamekiona, wanaogopa kuniambia." Nami nilifikiri hivyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu zaidi ya "njoo wiki ijayo", na wiki ijayo nikaambiwa njoo ijayo tena.

Kumbe kinyama kina safari. Malaria inasomwa kwenye tone la damu kwa dakika 15 au 20. Kinyama kinatumbukizwa kwanza kwenye dawa ya kukihifadhi, formalini, kikae humo hata zaidi ya siku nzima ili kisioze na kikaze. Kisha kinakamuliwa maji kwenye mashine, kinamwagiwa nta ya moto, kinaachwa kigande kama mshumaa. Hapo mtu wa maabara anakikata vipande vyembamba kuliko unywele, anavibandika kwenye kioo, anavitia rangi. Ndipo daktari bingwa wa patholojia anakaa na hadubini na kusoma. Mabingwa hao ni wachache, na Bugando inapokea watu wa Kanda ya Ziwa yote: Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga. Kioo chako kiko kwenye foleni.

Kwa hiyo majibu kuchelewa hakusemi lolote kuhusu majibu yenyewe. Wa heri na wa shari wanasubiri benchi moja. Siku wanayochukua kinyama, uliza: "Nije lini, mlango gani, na nikija nisipoyakuta nimtafute nani?" Andika. Ikipita tarehe, fuatilia bila aibu. Wewe si msumbufu.

Nikisubiri, si uvimbe unaendelea kukua?

Wiki mbili tatu za kungoja majibu kwa kawaida hazibadilishi tiba. Saratani nyingi za titi huchukua wiki nyingi au miezi kuongezeka maradufu. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote uwe umekamilika ndani ya siku 60 tangu mama afike hospitali mara ya kwanza. Hiyo siku 60 ndiyo itakayokuambia lini kungoja ni kungoja na lini ni kupotea. Ukiona zinakaribia na hujapewa jibu, rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa umwambie hivyo hivyo. Kinachoua hapa kwetu ni miezi na miaka.

Nasikia kansa ikiguswa na sindano au kisu inasambaa. Kweli?

Si kweli. Sindano ya uchunguzi haisambazi saratani. Uvumi umetokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho: mtu anakwenda hospitali ugonjwa umeshafika kwenye mapafu au ini, anakatwa kinyama, baada ya miezi miwili anafariki. Majirani wanakumbuka kisu. Hawakumbuki mwaka mzima aliokaa akipaka majani.

Sehemu iliyochomwa inaweza kuuma na kuvia damu siku chache. Ikitoa usaha, ikivuja damu isiyokoma, au ukipata homa, rudi mapema, usingoje tarehe ya majibu.

## Kichwa na moyo

Mchana nafanya kazi, usiku silali. Nifanyeje?

Usiku kuna kimya, na kimya kinampa hofu nafasi ya kuzungumza. Yaliyonisaidia mimi ni haya, chukua linalokufaa.

Nilijitengea dakika 20 za kuhangaika, saa kumi na moja jioni, nikiwa nimekaa nje na daftari. Kila wazo lililonijia mchana nililiambia ningoje saa kumi na moja. Inaonekana utoto, lakini wazo likiwa na saa yake linapunguza kubisha hodi. Jioni naliandika lote, hata la kijinga: nani atamlea mdogo, deni la kikoba, kanga nzuri apewe nani. Yenye kazi ndani yake (deni, kwa mfano) nikayapangia kazi. Mengine nikafunga daftari.

Ukiamka saa nane moyo unaenda mbio, keti, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita, mara kumi hivi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mwili unatulia. Usingizi usiporudi, inuka ufanye kitu cha mikono. Mimi nilichambua mchele. Kahawa na chai nzito ya jioni acha kwa sasa, na usianze kutafuta usingizi kwenye pombe.

Mikono yangu haiachi kuuminya uvimbe. Ni kawaida?

Kawaida sana, hata kwenye ibada. Kila ukiuminya unauma, ukiuma unaogopa, ukiogopa unauminya. Na unaweza kuuona umekua kwa sababu tu umeuvimbisha kwa vidole. Umeshapimwa, vidole vyako havitaongeza habari. Shika rozari, tasbihi, ukili, chochote.

Sisikii chochote. Silii, siogopi. Nina kasoro?

Huna. Mwingine hofu inamlegeza, mwingine inamgandisha. Usijilazimishe kulia ili watu waone umeguswa.

Nasoma mtandaoni kila saa na nazidi kuchanganyikiwa. Niache?

Huwezi kuacha kabisa, basi jiwekee mpaka: mara moja kwa siku, na siyo kitandani. Kabla hujafungua simu jiulize unatafuta nini hasa. "Altrasaundi inafanywaje?" ni swali lenye jibu. "Nitakufa?" halina jibu humo. Picha za vidonda na shuhuda za juisi ya stafeli huwekwa kwa sababu watu wanabonyeza. Maswali mengine yaandike kwa ajili ya daktari (tazama "Siku ya majibu niulize nini?").

Je, mawazo haya mengi ndiyo yatakayoniletea kansa?

Hapana. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba wasiwasi au huzuni huleta saratani ya titi. Ukiambiwa "usiwaze, utajiongezea," mshukuru msemaji, uendelee kuwaza kwa amani.

Nimeanza kufikiri bora nife kabla ya majibu.

Mwambie mtu leo hii, si kesho, na usibaki peke yako usiku huu. Kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu useme neno hilo hilo, bila kulipamba. Hospitali kubwa kama Bugando zina idara ya afya ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Fikra hizo huja kwa watu wenye akili timamu waliochoka, na zinatibika. Kama nyumbani kuna dawa za pamba au sumu ya panya, mwombe mtu aiondoe.

## Nyumbani

Nimwambie nani kabla ya majibu?

Angalau mtu mmoja, na si lazima awe wa damu. Chagua kwa sifa tatu: anaweza kunyamaza, anaweza kuamka asubuhi akusindikize, na haanzi kulia kabla yako. Dada yangu nampenda, lakini hana hata moja kati ya hizo, kwa hiyo nilimwambia jirani yangu muuza sato.

Wengine waambie kadiri wanavyohitaji. Kazini inatosha kusema, "Nina vipimo hospitali, nitahitaji ruhusa Alhamisi." Hudaiwi na watu maelezo ya mwili wako. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp mimi nisingeandika kabisa. Jioni yake utapokea simu 40, na itabidi wewe ndiwe unayewafariji.

Mume wangu tangu nimwambie amenyamaza. Ataniacha?

Sijui ndoa yako, nisikudanganye. Wapo walioachwa. Wapo pia wengi ambao mume alikaa kimya kwa sababu hajui aseme nini, na mwanaume aliyefundishwa kutatua mambo akikuta lisilotatulika anakwenda kukaa kijiweni.

Mpe kazi. "Baba fulani, Jumatano naomba twende wote, wewe ndiye utakayesikiliza daktari anachosema, mimi sitashika yote." Mwanaume asiyeweza kusema "naogopa" anaweza kushika bahasha ya vipimo kutoka Nyegezi hadi Bugando bila kuiachia. Ukiona kimya kimegeuka matusi au kipigo, hilo ni jambo jingine: mtafute mshenga, mjumbe, au dawati la jinsia polisi.

Watoto niwaambie?

Wadogo wanaona kuwa mama ana jambo, na wasipoambiwa wanadhani wamekosea wao. Sentensi mbili zinatosha: "Mama ana uvimbe hapa, madaktari wanaupima. Sijajua ni nini, nikijua nitawaambia." Usiahidi kwamba hautakuwa ugonjwa mbaya. Wakubwa, hasa walio kidato cha nne wakati wa mitihani, waambie ukweli huo huo, halafu waache waulize wanapotaka. Usimfanye binti yako wa kwanza kuwa mshauri wako.

Mama mkwe anataka niende kwa mganga. Mchungaji anasema nifunge siku saba. Niwajibuje bila kuwavunjia heshima?

Kwetu Usukumani ugonjwa hautenganishwi na watu, na mkwe akisema "kuna mkono wa mtu" mara nyingi anasema anavyokupenda kwa lugha aliyonayo. Usibishane naye kuhusu uchawi. Hutashinda, na nguvu huna. Mimi nilimwambia wangu: "Mama, nimekusikia. Naomba nichukue kwanza karatasi, nikishaijua tutakaa nawe." Akakubali, maana sikumkatalia.

Maombi na vipimo havigombani. Omba, fanya novena, soma dua. Kufunga ongea na daktari kama una kisukari, una mimba au unatumia dawa. Mpaka wangu ni mmoja tu: yeyote anayekuambia usirudi hospitali, au anayetaka kuchanja, kuchoma au kuweka dawa juu ya titi, mwambie hapana. Titi lenye kidonda cha dawa ni gumu zaidi kulipima.

## Safari, hela na siku ya majibu

Natoka mbali. Nirudi nyumbani au nisubiri mjini?

Kama ni wiki mbili, rudi, ukalale kwenye kitanda chako. Watu wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko peke yake ilimtosha mtu kukata tamaa. Wa Ukerewe bado mnategemea meli, kwa hiyo ombeni tarehe ya majibu siku ambayo ratiba inawaruhusu kufika asubuhi. Pigeni simu kuuliza kama majibu yametoka kabla ya kukata tiketi, na muwe na namba ya faili mkononi.

Hela ikikwama, usitoroke. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini hapo hapo. Kazi yao ni kusikiliza wasio na uwezo, na wengi hawajui kama wapo.

Siku ya majibu niulize nini?

Andika kwenye karatasi, maana kichwa kitafunga. Kama si saratani: uvimbe huu unaitwaje, unahitaji kutolewa, nirudi lini? Kama ni saratani: ni ya aina gani, imepimwa vipokezi vya homoni na HER2 (hivyo ndivyo vinavyoonyesha dawa gani zitafanya kazi), kipimo kinachofuata ni kipi na lini? Swali la "imefika hatua ya ngapi" mara nyingi halijibiki siku hiyo, mpaka vipimo vingine vifanyike.

Mwambie daktari aseme kwa Kiswahili chepesi, na umwombe msindikizaji wako aingie naye aandike. Omba nakala ya majibu, uipige picha kwa simu. Usipange mambo mengine siku hiyo. Mimi nilipanga kupokea mzigo saa nane mchana. Sikumbuki hata bei niliyonunulia.

Majibu yametoka lakini naogopa kwenda kuyachukua.

Kaa hapa kidogo, maana kwa swali hili ndiyo nimeandika yote haya.

Wifi yangu alikatwa kinyama, akapewa tarehe, hakurudi. Kila wiki alikuwa na sababu: mvua, msiba, nauli, mtoto ana homa. Zote za kweli. Miezi minane. Karatasi yake ilikuwa imelala kwenye faili tangu wiki ya tatu. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umetoboa ngozi. Alitibiwa na bado anahudhuria kliniki, lakini tiba ilikuwa nzito kuliko ambayo ingehitajika mwanzoni. Anasema mwenyewe: "Niliogopa karatasi kuliko ugonjwa."

Namwelewa. Kabla ya karatasi bado wewe ni mzima, machoni pako na pa watu. Ila kilichomo titini hakisubiri uisome. Kwa hiyo usijitake ushujaa, punguza tu ukubwa wa jambo. Usiseme "kesho nakwenda kujua kama nitakufa." Sema kesho napanda daladala. Nikishuka nampigia mwenzangu. Tukifika tunakwenda dirishani. Mpe mwenzako ruhusa mapema ya kuja kukugongea mlango ukisema huendi. Ukishindwa kabisa, piga simu kliniki useme, "Naogopa kuja." Wauguzi wamelisikia neno hilo mara nyingi.

## Hali zisizo za kawaida

Wamesema kinyama hakikutosha, nirudie. Wanaficha kitu?

Hapana. Wakati mwingine sindano nyembamba huvuta chembe chache mno, au inakosa sehemu yenyewe. Bingwa anayekataa kubahatisha ni bora kuliko anayekisia. Uliza kama safari hii watatumia sindano nene, na kama watachoma wakiongozwa na altrasaundi. Hasira utakayokuwa nayo ni halali. Ilie nyumbani, ila tarehe mpya ichukue papo hapo.

Nanyonyesha, au nina mimba. Si nisubiri mpaka nimalize?

Usisubiri. Altrasaundi na kuchomwa sindano hufanyika ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Waambie tu hali yako. Titi jekundu, la moto, ulilopewa dawa ya jipu na baada ya wiki moja au mbili halijapona, lirudishwe likaangaliwe upya, kwa sababu kuna saratani inayojifanya jipu.

Mimi ni mwanaume. Nacheka nikisoma haya, lakini nina uvimbe nyuma ya chuchu.

Kama mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya titi ni mwanaume. Wanaume huchelewa kwa aibu ya kukaa benchi la akina mama. Mwambie muuguzi wa mapokezi kwa sauti ya chini. Hutakuwa wa kwanza. Sehemu ya "Kichwa na moyo" inakuhusu kama ilivyo.

Anayesubiri ni rafiki yangu. Niseme nini?

Kidogo. "Haitakuwa kitu" inamfunga mdomo, kwa sababu baada ya hapo hawezi kukuambia anaogopa. Hadithi ya shangazi yako aliyekufa ibaki nyumbani kwako. Mpelekee ugali na samaki uliokwisha pikwa, mchukulie watoto Jumamosi, muulize "Leo unataka tuongee kuhusu hilo au tuongee mengine?" Halafu uheshimu jibu.

Majibu ni safi. Mbona sina furaha?

Mimi niliambiwa ni fibroadenoma, nikasema asante, nikarudi Mwaloni kugeuza dagaa kana kwamba nimeambiwa bei ya chumvi. Jirani alishangilia, mimi nikamtazama tu. Mwili uliokuwa umejikaza siku 23 haujui kulegea kwa sentensi moja. Na unaweza kuona aibu, ukikumbuka mama uliyekuwa umeketi naye ambaye yake haikuwa safi.

Weka tarehe ya kurudi kuangaliwa kama umepewa, na uvimbe mwingine ukitokea upimwe upya, usiseme "ni kile kile." Kuhusu furaha, yangu ilikuja siku ya nne. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haikutoka, tukawa tumekaa mwaloni hatuna mzigo. Mtu akanikaribisha mhogo wa kuchoma. Nikaanza kulia, nikala mhogo huku nalia, na hakuna aliyeniuliza kitu.